Juu ya Kuanza Kuogelea kwa Mtu Aliyezoea Kiti

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mtwara)



Tulipoombwa na Halmashauri tuseme neno juu ya afya, tulidhani kwanza kuwa twafanyiwa mzaha. Sisi si waganga, wala si mabingwa wa mchezo wo wote. Tu makarani saba wa ofisi za mji huu, wanaume watano na mabibi wawili, ambao miezi minane iliyopita hatukuweza kupanda ngazi za ghorofa ya pili bila kushika ukuta. Leo kila mmoja wetu aweza kuogelea kandokando ya pwani ya Shangani kwa dakika 20, na akichoka ajua kulala chali juu ya maji hata pumzi imrudie. Hayo si makubwa. Watoto wa wavuvi huyafanya kabla ya kunywa chai. Lakini kwetu yalikuwa makubwa, na katika njia tuliyopita tulifanya kosa ambalo nusura limwondoe mwenzetu duniani. Tumeona afadhali tuwaambieni kosa hilo pamoja na faida, ili atakayetufuata asilirudie.

Yafaa kwanza tueleze hali yetu ilivyokuwa, maana twadhani ni hali ya wengi walioketi humu. Karani huingia kazini saa moja na nusu asubuhi, akatoka saa tisa na nusu alasiri. Katika muda huo hutoka kitini mara chache tu: kwenda masijala kutafuta faili, kwenda kwa mkubwa kuitikia wito, na kwenda kwa mama ntilie kunywa chai ya maziwa kwa chapati mbili. Zamani hata kupeleka barua kulikuwa ni mwendo. Siku hizi barua huenda kwa kompyuta, na mwandishi wake asiondoke mahali pake. Tukitoka, bodaboda hutungoja mlangoni, nasi hupanda hata kama nyumba ni mwendo wa dakika kumi. Jumapili twashiriki mpira, lakini twaushiriki tumeketi.

Mwili nao huweka hesabu zake kimya kimya. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, kadiri ya mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Kwa sababu ya maradhi ya namna hiyo, Desemba 2016 Serikali ilianzisha kampeni ya mazoezi, iliyozinduliwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Sisi tulivaa fulana, tukatembea siku moja, tukapiga picha, tukarudi kitini.

Kilichotuamsha ni habari ya mwenzetu ambaye ninyi nyote mwamfahamu. Hakuwa mzee, alikuwa na umri wa miaka 46. Asubuhi moja alianguka ngazini kwa kiharusi, na mkono wake wa kulia, ule ulioandika kumbukumbu za mikutano yetu kwa miaka kumi na miwili, ukawa hauna nguvu tena. Twamshukuru Mungu kwamba yu hai, naye leo yumo humu ukumbini. Siku tulipokwenda kumtazama, yeye ndiye aliyetuambia, "Msinililie mimi. Kajipimeni ninyi." Tukaenda kupimwa. Katika sisi saba, watatu tulikutwa na shinikizo la damu, na mmoja na sukari. Hapana hata mmoja aliyekuwa na habari.

Mwanzo tulijaribu kukimbia. Kwa wiki moja tulikimbia alfajiri, na wiki ya pili tulikaa tukikandwa magoti kwa maji ya moto. Mganga akatuambia kuwa magoti yetu hayakosei, kwa sababu mtu mzito akikimbia kila hatua huyatwisha magoti mzigo mkubwa kuliko uzito wake wote. Akatuuliza, "Ninyi mwakaa Mtwara, na bahari mwaitazama dirishani. Kwa nini hamwingii majini?"

Tumejifunza baadaye sababu ya swali lake. Mtu akisimama katika maji ya kiunoni, maji humchukulia karibu nusu ya uzito wake. Yakimfika shingoni, miguu yake hubaki na kadiri ya sehemu moja tu katika kumi. Basi mnene huwa mwepesi, na goti bovu hupumzika. Lakini maji ni mazito kuliko hewa kwa kadiri ya mara 800, kwa hiyo kila mkono unaoyasukuma na kila mguu unaoyapiga hufanya kazi ya kweli, na moyo na mapafu hufanya kazi pamoja navyo. Tena bahari yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na haina kiingilio wala karo. Wenzetu wa miji ya bara hutafuta mabwawa ya kulipia, au huingia katika maziwa na madimbwi yenye kichocho. Maji ya chumvi hayana kichocho.

Ingawa hivyo, tulisita. Wanne wetu tumezaliwa bara, na kabla ya kuhamishiwa huku hatujapata kuona maji yasiyo na ng'ambo. Watatu tumezaliwa pwani, lakini tuliacha kuogelea tulipovaa viatu vya shule. Wote tuliona haya: haya ya tumbo, haya ya kuvua shati mbele ya watu wanaotuletea fomu ofisini, na haya ya kuonekana hatujui kitu ambacho mtoto wa miaka saba akijua. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Haya hizo ndizo zilizotuletea hatari, maana kwa sababu yake hatukumwomba mtu atufundishe.

Sasa lisikilizeni kosa letu. Ilikuwa siku ya tatu ya kuingia majini. Mmoja wetu, mtu wa miraba minne aliyekuwa akicheza mpira zamani za shule, aliona mashua imetia nanga mbali kidogo na pwani, akasema, "Nafika pale na kurudi." Alipokuwa kijana angaliweza. Nasi tulimshangilia badala ya kumzuia. Mwezi ulikuwa haujatimia, zimebaki siku mbili. Maji yalikuwa yamejaa mchana, na saa ile ya jioni yalikuwa yakitoka kwa nguvu kuelekea mlango wa bandari. Hapana katika sisi aliyeangalia jambo hilo. Tulikuwa tumetazama saa za mikononi tu.

Alipiga maji kwa nguvu zake zote kwa muda wa dakika mbili, kisha mikono ikamlegea. Aligeuka arudi, akaona pwani haimkaribii. Akaanza kuinua kichwa juu kwa kupapatika, na kadiri alivyokiinua, ndivyo miguu ilivyozama. Hakupiga kelele. Tulidhani waliao majini hupiga kelele. Sasa twajua kuwa mtu anayezama mara nyingi hana pumzi ya kupigia kelele. Sisi sita tulikuwa tumesimama katika maji ya kifuani, na hapana hata mmoja aliyeweza kumfikia. Aliyemfikia ni kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, aliyekuwa akirudi na mtumbwi wa nduguye. Hakumshika. Alimsukumia dumu tupu, akamwambia, "Baba, shika hili ulale chali. Lala chali tu, Baba." Mwenzetu akashika, akalala, pumzi ikamrudia, na mtumbwi ukamkokota mpaka pwani.

Tulimpa kijana ahsante na nauli ya shule, naye akatusalimu shikamoo akaenda zake. Usiku ule hatukulala vizuri. Watu wazima sita wenye vyeti tulikuwa tumesimama tukimtazama mwenzetu akifa, na aliyemwokoa ni mtoto aliyejua mambo mawili tu: kuelea, na kutomkaribia mtu anayezama bila kumpa kitu cha kushika.

Asubuhi yake tulikwenda kwa babu yake yule kijana, mvuvi mzee wa Shangani ambaye sasa hatoki tena usiku. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Tukamweleza kisa chote, na kwamba twataka kufundishwa. Akatusikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Nani kati yenu ajua kupumua?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Basi tutaanzia hapo, wanangu. Mkono na mguu vitakuja vyenyewe."

Tangu siku ile twamwita Fundi, na haya ndiyo aliyotufundisha, pamoja na yale ambayo mganga alituagiza.

Kwanza, kabla ya kuingia majini, kapimeni. Mtu akitumbukia mpaka shingoni, maji huibana miguu na tumbo, na damu nyingi hurudi kifuani. Moyo ulio mzima haujali, lakini moyo mgonjwa waweza kuona taabu. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kudhani kuwa bahari ndiyo dawa. Mwenye sukari ale kidogo kabla ya kuingia, aweke kitu kitamu karibu, na ayaangalie nyayo zake kila atokapo, maana jeraha dogo la jiwe aweza asilisikie. Mtu akiona kifua kinabana, au kizunguzungu, au mapigo ya moyo hayaendi sawasawa, na atoke mara moja, wala asione haya. Na aliyekunywa pombe abaki pwani alinde nguo za wenziwe.

Pili, ni habari ya pumzi. Kwa wiki mbili za kwanza hatukuogelea kabisa. Siku tatu kila wiki tulitembea katika maji ya kifuani kwa dakika kumi, tukapumzika, tukatembea tena kumi. Kisha tulishika bega la mwenzetu, tukatia uso majini, tukatoa pumzi polepole kwa pua na kinywa, kama mtu apulizaye uji wa moto, tukainua uso kuvuta nyingine. Ni jambo la mtoto, lakini ndilo lililotushinda zaidi. Mtu anayejifunza ukubwani huizuia pumzi, kifua kikajaa, hofu ikaingia, na mikono ikaanza kupapatika. Wengi wasemao "nimechoka" majini si mikono iliyochoka. Ni pumzi iliyofungiwa.

Tatu, ni kulala chali. Wiki ya tatu na ya nne Fundi alituwekea mkono chini ya mgongo, akatuamuru tutazame mawingu, masikio yawe ndani ya maji, tumbo liinuliwe. Tuliona kitu cha ajabu: wanene kati yetu walielea mbele ya wembamba, kwa kuwa mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji. Ilikuwa mara ya kwanza tumbo kutuletea faida. Baada ya hapo tulikumbatia dumu la lita tano lililofungwa vizuri, tukajifunza kupiga miguu. Amri ya Fundi ilikuwa moja: asiyeweza kulala chali kwa muda wa dakika tano bila msaada asipite mahali ambapo miguu yake yafika chini. Twawasihi mlishike neno hilo kuliko yote mengine.

Nne, ni kuogelea kwenyewe. Tulianza wiki ya tano kwa namna ya chura: mikono hupasua maji mbele ya kifua, na miguu hukunjuka kwa pamoja. Wengine watawaambieni kuwa namna hiyo ni ya polepole. Ni kweli, lakini ndiyo aliyoitumia Kapteni Matthew Webb mwaka 1875, alipokuwa mtu wa kwanza kujulikana kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, akakaa majini karibu saa 22. Sisi hatuvuki nchi. Tulipiga mikono kumi sambamba na pwani, wala si kuelekea ndani, tukasimama tukapumzika hata tukaweza kusema maneno mengi kwa pumzi moja, tukapiga tena kumi. Tulifanya hivyo mara nane, tukatoka. Kila wiki tuliongeza kidogo tu, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kuwa mtu mzima apaswa kupata dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Tulipozisikia hesabu hizo tulikata tamaa. Lakini shirika hilo hilo lasema kuwa mazoezi kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na anayeanza aanze kwa machache. Sisi tulianza kwa dakika 60 kwa wiki, tena nyingi za kutembea. Leo tumefika 150, tukihesabu na mwendo wa miguu kutoka ofisini hadi pwani, maana siku hizi hatupandi bodaboda kwenda Shangani.

Sasa tuje katika jambo lililotugharimu zaidi kwa kutolijua, nalo ni saa ya bahari. Mtumishi wa Serikali amezoea kuamini kuwa saa ni ile iliyo ukutani. Bahari haifuati saa hiyo, bali yafuata mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Katika pwani hii, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji hujaa baada ya saa kumi alasiri. Kesho yake karibu na saa kumi na moja, na mtondo karibu na saa kumi na mbili. Hizo ndizo jioni zetu. Siku ya tatu hata ya tano baada ya mwezi kutimia, maji hujaa asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu. Yakiangukia mwisho wa wiki, hizo ndizo asubuhi zetu. Lakini siku chache kabla ya mwezi kutimia, karani atokapo kazini huyakuta maji yakitoka, na bamvua likikaribia hutoka kwa nguvu. Mwenzetu nusura afe kwa kutojua maneno haya machache, ambayo kila mama aendaye kutafuta pweza miambani ayajua.

Basi kanuni yetu ni hii: twaingia katika saa ya mwisho ya maji kujaa, wakati yanasukuma kuelekea nchi kavu, na tukiona yameanza kurudi twatoka. Maji mafu yakiwapo, yaani mwezi ukiwa nusu, mkondo hupungua, lakini jioni maji huwa mbali na miamba huwa wazi. Siku hizo twatembea mchangani. Na zamani za kusi, Mei hadi Septemba, upepo huichafua bahari hasa alasiri. Hapo asubuhi ndiyo bora.

Ikiwa mkondo umekwisha kukuchukua, usishindane nao. Lala chali, pumua, inua mkono uonekane, kisha uogelee ukikingama na pwani mpaka utoke katika nguvu zake, ndipo ugeuke kuelekea nchi.

Mahali nako ni neno kubwa. Shangani kuna miamba ya matumbawe na wadudu wenye miiba, basi twavaa raba za zamani, na tukitembea chini twakokota miguu ili taa aliyelala mchangani asikie akimbie. Msiogelee katika njia ya meli za bandari wala katika njia ya kivuko cha Msanga Mkuu. Nahodha hawezi kukiona kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Huko Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kutoka Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya Ruvuma, maji ni mazuri kuyatazama, lakini mahali pengine kina huja ghafla. Si pa mtu anayeanza. Ama mdomoni mwa Ruvuma kwenyewe, asiingie mtu. Mto ule hushuka na tope, wavuta kwa nguvu, na una mamba na viboko. Fundi alituambia kwa kifupi, "Pale hata mimi hubaki chomboni."

Twapenda pia kusema neno juu ya mabibi. Wenzetu wawili waliona shida mbili ambazo sisi wanaume hatukuziona: vazi, na mwalimu. Walipewa moyo na habari ya Nungwi, Unguja, ambako tangu mwaka 2011 mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea, wakifundishwa na wanawake wenzao, wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili wote. Visiwani watu wengi waliishi kandokando ya bahari na binti zao hawajui kuelea, kwa sababu ya haya na kukosa mwalimu. Huku kwetu mabibi hawa walishona suruali na kanzu fupi za kitambaa chepesi kisichonywa maji mengi, wakafundishwa na binti ya Fundi. Wasitiri wavae cho chote wapendacho, ila kanga na buibui vibaki pwani, kwa kuwa vikilowa huifunga miguu.

Labda mtu atauliza, "Je, mmepungua?" Tusiwadanganye. Miezi miwili ya kwanza hatukupungua hata kidogo. Mmoja wetu aliongezeka. Bahari huleta njaa, nasi tulikuwa tukitoka majini tukanyoosha njia mpaka kwenye chipsi mayai. Tulipoacha desturi hiyo, tukala ugali wa kadiri, samaki na mboga, mikanda ikaanza kulegea. Lakini faida iliyotangulia haikuwa ya mkanda. Tulianza kulala usingizi. Tulipanda ngazi tukizungumza. Mwenzetu mmoja wa shinikizo la damu, alipopimwa mwezi uliopita, mganga hakumwachisha dawa, ila alimtazama akamwambia aendelee na jambo analolifanya, lo lote lile. Na yule wa miraba minne, ambaye kwa wiki tatu hakutaka kuisogelea bahari, sasa ndiye anayewazuia wapya wasipite kifuani.

Bwana Mwenyekiti, tusidhani kuwa habari hii ni ya unene peke yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Mwaka huo huo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliamua kuwa tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha watu namna ya kuepukana na kufa maji. Sisi wa Mtwara twavuka maji kwa kazi na kwa harusi na kwa msiba, na watoto wetu wanacheza pwani. Mzazi asiyejua kuogelea humwachia mwanawe bahati.

Kwa hiyo, kwa heshima, twaomba mambo matatu. La kwanza, chama kinunue kalenda ya maji kujaa na kupwa, nayo ibandikwe katika ubao wa matangazo karibu na saa ya ukutani, ili saa mbili hizo zisomwe pamoja. La pili, Fundi na bintiye walipwe ada ya haki kutoka katika mfuko wetu kila mwezi, wala tusiwafanye watu wa kuombwa bure; mtu mwenye elimu hulipwa, hata kama elimu yake haina cheti. La tatu, tarehe 25 Julai waalikwe wauguzi watufundishe nchi kavu namna ya kumpa pumzi mtu aliyetolewa majini, na kumbonyeza kifua, na kila anayekwenda kuoga ajue kutupa kamba na dumu badala ya kujitupa mwenyewe.

Na mwenzetu wa kumbukumbu, ambaye ametuanzisha sote katika njia hii, tayari ametuuliza kama maji ya kifuani yangemfaa mkono wake. Tumemwambia jibu ni la mganga, si letu. Mganga amekubali, mradi asiwe peke yake na asipite kiunoni. Jumamosi ijayo mwezi utakuwa na siku nne tangu kutimia, na maji yatajaa karibu na saa mbili asubuhi. Tutamshika mmoja kulia, mmoja kushoto. Atakaye kufuatana nasi na aje na raba zake, akiwa amekwisha kupimwa.

Wazee walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tumekwisha kuyavulia, na haya zetu tumezitundika pamoja na mashati.